Dhakia kwa D na H

Mguu wa kitanda ulikuwa unagonga ukuta. Tik, tik, tik, kimya, kisha tik tik tena. Nilidhani panya. Nikanyoosha mkono gizani kumtafuta mwanangu, nikamkuta kajikunja kama jongoo aliyeguswa, na mtetemeko wa mwili wake ndio uliokuwa ukikitikisa kitanda. Alikuwa wa moto hata nikaurudisha mkono.

"Hasan," nikamwita mume wangu. "Washa taa. Mtoto."

Kabla hajakiona kibiriti, mama yake alishaamka chumba cha pili. Nyumba yetu ya Mlandege kuta zake hazifiki juu. Mtu akikohoa huku, kule huambiwa pole.

"Zakia ana nini?"

"Homa, mama."

"Zakia, niitikie bibi yako."

Hakuitika. Taa ilipowaka tukaona macho yamepinduka, weupe mtupu, na meno yameumana. Mama mkwe wangu, Bi Kurwa, aliingia na kanga moja mwilini, akamlaza mtoto ubavu, akamvua gauni, akaanza kumpangusa kwa kitambaa cha maji huku akisoma kila alichokihifadhi. Degedege lilimwachia baada ya muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Mtoto akalegea, akalia kidogo, akalala. Msikitini adhana ya alfajiri ikaanza.

"Kukipambazuka tu, hospitali," akasema Hasan.

"Watamchoma sindano," nikasema.

"Si ndiyo tunayoitaka?"

"Sindano ipi?" nikamuuliza, na yeye alijua ninachokisema.

Mtoto alipokuwa hajatimia miaka mitatu nilikwenda naye kwetu Uroa, akafanya jipu la shingo. Tabibu wa zahanati alimchoma sindano nyeupe, nzito kama tui la kwanza. Hatujaufikia mlango wa kutokea, midomo ikamvimba, kope zikafumba, pumzi zikawa zinapita kwa mluzi. Yule tabibu alimpigania mpaka jasho lake likawa linamdondokea mtoto. Aliponirudishia mwanangu mikononi, akaniambia: "Bibie, dawa hii inaitwa penisilini. Huyu asichomwe tena maishani mwake. Mara ya pili haitakuwa kama hii. Popote utakapompeleka, sema wewe kabla hawajasema wao."

Kwa hiyo alfajiri ile nilikuwa na hofu mbili kwa mtoto mmoja. Homa inaweza kumuua, na dawa inaweza kumuua. Nilikaa kitandani nikilirudia lile neno, penisilini, penisilini, nisije nikalikosea mbele ya daktari. Jina la mtoto halikunipitia akilini hata mara moja, na hapo ndipo nilipopaswa kuanzia.

Mwanangu Dhakia alizaliwa Ijumaa ya masika, mwaka wa sitini na sita, mvua inapiga mabati mpaka mkunga akawa anasema kwa ishara. Siku sita alikaa hana jina na kila mtu ana lake. Mama yangu alileta salamu kutoka Uroa kwamba aitwe Time, jina la mama yake. Hasan alitaka Shemsa, kwa sababu mvua ilikatika na jua likatoka mtoto alipolia. Bi Kurwa hakuona hata la kujadili.

"Kazaliwa Ijumaa. Mwajuma. Jina kaja nalo mwenyewe, nyinyi mnatafuta nini?"

Mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa nasoma skuli ya usiku, sisi wake za watu, wachukuzi na wauza samaki, ndani ya darasa ambalo asubuhi lilikuwa la watoto, magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Mwalimu wetu, Mwalimu Msabah, alikuwa akitufundisha herufi kwa majina. Siku ya dh alitwambia tutoe ncha ya ulimi baina ya meno, kama mtu anayeonja chumvi, kisha akaandika ubaoni: dhahabu, dhamana, Dhakia. "Dhakia," akasema, "ni mwanamke mwepesi wa kufahamu." Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Niliandika neno lile mpaka ukurasa ukajaa, nikageuza, nikaandika tena. Sikuwa na kitu kikubwa cha kumtakia mtoto. Nilitaka tu asingoje awe mtu mzima na tumbo lake ndipo aonyeshwe d na h.

Siku ya saba, mbuzi wa akika keshachinjwa, Hasan alimpokea mtoto kumpa jina. Nilikuwa nimemwomba. Katika ndoa yetu sikuwa nimemwomba kitu kingine, na hilo nalo nilimkumbusha. Akamsemea mtoto sikioni, akainua kichwa, akawaambia watu.

"Dhakia."

Bi Kurwa alikuwa amekaa na sahani ya nywele zilizonyolewa. "Nani?"

"Dhakia, mama."

"Zakia," akasema Bi Kurwa.

Jirani yetu, Bi Mjaka, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Kila mtu mle chumbani aliona kwamba anacheka.

Bi Kurwa alizaliwa bara, Unyamwezi, akaletwa Unguja msichana, baba yake anachukua magunia ya karafuu. Ulimi wake ulijifunza kila kitu cha mjini isipokuwa herufi ile. Watoto wa mtaani walikuwa na mchezo wao: "Bi Kurwa, hebu sema dhambi." Naye huwajibu, "Zambi mnazo nyinyi na wazee wenu," wakaanguka kwa kicheko, naye akacheka nao. Siku ya akika hakucheka.

"Mmenipa mjukuu nisiyeweza kumwita," akamwambia mwanawe. Kisha akanigeukia. "Tabia, tabia hizi umezitoa Uroa?"

Tabia ndilo jina langu. Alipokuwa na hasira nami hakuwa na haja ya kutafuta tusi. Alilikuta tayari limetengenezwa.

Kumwandikisha mtoto alikwenda Hasan na mama yake. Mimi nilikuwa ndani, arobaini yangu haijaisha. Karani aliuliza jina wakati Hasan yuko nje anafunga baiskeli, akajibiwa na Bi Kurwa. Karatasi ilipofika nyumbani niliisogeza kwenye taa. Lilikuwa neno la kwanza kulisoma nje ya darasa maishani mwangu, na lilikuwa limekosewa.

"Hii zeti," nikamwambia Hasan. "Zakia ni jina la mtu mwengine. Maana yake nyengine."

"Herufi tu hiyo, Tabia. Tutakwenda kuibadilisha."

Hatukwenda. Yeye ni fundi cherehani na kazi haimpi nafasi. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Ilipokuja kadi ya mgao wa chakula, ikaandikwa kwa kuifuata karatasi ile. Zakia Hasan.

Aliyekataa alikuwa mtoto mwenyewe. Alipoanza kusema vizuri, ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Alikuwa akilisema jina lake huku anajitazama kwenye sufuria, Dhakia, Dhakia, ncha ya ulimi inatoka baina ya meno kama ya kinyonga mdogo. Na bibi yake akimwita uani, alikuwa hageuki.

"Zakia."

Mtoto anapanga vifuu.

"Zakia, nakuita wewe."

"Si mimi," alisema siku moja, anaendelea kupanga vifuu vyake.

Bi Mjaka alikuwa mlangoni kwake. "Bi Kurwa," akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "unamwita wa nyumba ipi? Nikuitie?"

Jioni ile mama mkwe wangu alinifuata jikoni. Nilikuwa nakuna nazi. Akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kwa magoti yake.

"Tabia. Mimi naitwa nani?"

"Bi Kurwa."

"Siitwi hivyo."

Nikaacha kukuna.

"Mimi Kulwa. Kwa la, siyo kwa ra. Mama yangu alizaa wawili, mimi Kulwa, mwenzangu Doto, Mungu amrehemu. Nilipofika hapa mkasema Kurwa. Nikasema Kulwa, mkacheka, mkasema Kurwa. Nikaitika. Nna miaka arobaini naitika jina ambalo mama yangu hakunipa. Nimekufa?"

Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miaka mitano. Nilikuwa nimeandika jina lake daftarini katika zoezi la majina ya jamaa, nikapata vema ya mwalimu.

"Sikwambii umbadilishe," akasema. "Nakwambia mfundishe aniitikie. Watu wananitazama. Basi."

Nikamfundisha. "Bibi akisema Zakia, sema naam."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni bibi yako."

Hilo halikumtosha, kwa hiyo nikaongeza sukari guru. Kila akiitika, kipande. Wiki mbili zikatosha. Nyumba ikatulia, Bi Mjaka akakosa la kusema, na Bi Kurwa akawa anamwita mjukuu wake mara kumi kwa siku bila haja yoyote, apate kusikia ile naam. Na mimi nikajifunza pamoja na mtoto. Kwenye foleni ya mchele, kliniki, kwa balozi wa mtaa, anaitwa Zakia Hasan, nasimama. Mwanzo nilikuwa nasahihisha. Mtu huchoka kusahihisha. Ukimsahihisha karani mara moja anakutazama. Mara ya pili anakuuliza wewe ni mtu wa wapi, na miaka ile hilo halikuwa swali la kuchezea.

Ndivyo tulivyokwenda hospitali asubuhi ile, mimi, mtoto na bibi yake. Hasan alitubebea mtoto begani mpaka getini, akarudi. Kiwanda chao kilikuwa kinashona sare za serikali, na siku hizo kuchelewa kazini hakukuwa na maelezo.

Daktari alikuwa kijana, macho yamechoka. Nikasema mimi kabla hajasema yeye. "Daktari, mtoto huyu asichomwe penisilini. Aliwahi kuchomwa akavimba, akakosa pumzi."

Nilivyolitaja neno lile bila kujikwaa, akainua uso akanitazama sawasawa. Akachukua kalamu nyengine, akaandika kwa wino mwekundu chini ya karatasi.

"Jina?"

"Dhakia Hasan. Kwa d na h, daktari."

Akatabasamu, akaandika. Nilisimama nikamwangalia mpaka akamaliza ile h.

"Malaria," akasema. "Atachomwa sindano ya homa, halafu nitampa vidonge. Lakini achomwe sasa, asirudi nyumbani. Degedege likimrudia kabla ya dawa, itakuwa habari nyengine. Kaeni karibu na mlango wa chumba cha sindano, mtaitwa."

Karatasi ikachukuliwa na mhudumu pamoja na nyengine, ikaingia ndani. Sisi tukakaa kwenye benchi.

Benchi lilijaa. Kando yangu alikuwepo mwanamke wa Darajani na binti yake, rika la mwanangu, mguu umefungwa kitambaa cha kanga kilicholowa kwa ndani. Kidonda, akaniambia mama yake, kimeanzia kwenye kucha, sasa kinapanda. Watoto wakatazamana kama watoto wanavyotazamana. Wangu alikuwa kaniwekea kichwa mapajani, midomo imemkauka, lakini nikawasikia wananong'onezana, huyu kamuuliza yule kitu, yule kamwonyesha mguu. Sikusikiliza. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

"Dada," akaniambia yule mwanamke, "niangalizie huyu. Nnakwenda hapo nje kumtafutia mkate, tangu jana hajala. Narudi sasa hivi."

"Nenda tu."

Akenda. Binti yake akabaki, anachezea fundo la kitambaa chake.

Haukupita muda, nesi akatokea mlangoni na karatasi mkononi.

"Zakia Hasan."

"Naam," akaitika Bi Kurwa. Aliitika upesi, keshasimama, kama aliyeitwa yeye. "Yupo. Yupo hapa, mwanangu."

Na mimi nikasimama. Sikufikiri. Miaka miwili miguu yangu ilikuwa ikiitika jina lile kabla ya kichwa changu.

Chumba kilikuwa kidogo, kina harufu ya spiriti na maji ya moto. Nesi alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mnene, mguu mmoja kauvua kiatu chini ya meza. Kwa usemi wake alikuwa mtu wa bara, na Bi Kurwa akafurahi, akamuuliza kwao wapi. "Tabora," akasema nesi bila kugeuka. "Mlaze mtoto mapajani. Gauni juu. Mshike miguu."

Nikamlaza. Nikapandisha gauni. Nesi akageuka na sindano.

Dawa ilikuwa nyeupe. Nyeupe nzito, inateleza taratibu kwenye kioo.

"Hiyo dawa gani?"

"Penisilini. Mshike miguu."

"Mwanangu hachomwi hiyo."

"Mama, humu ndani kila mwenye mtoto, mtoto wake hachomwi. Mshike."

"Daktari kaandika. Kaandika kwa wino mwekundu."

Nesi akaichukua karatasi kwa mkono wa kushoto. "Wino mwekundu uko wapi? Zakia Hasan, miaka mitano, penisilini. Huyu ana miaka mingapi?"

"Anakwenda wa tano."

"Baba yake nani?"

"Hasan."

"Sasa?"

"Hilo si jina lake. Mwanangu anaitwa Dhakia."

"Ndivyo nilivyosema. Zakia."

"Dhakia."

"Zakia, mama. Kwani mimi nimesema nini?"

Nikamtazama usoni nikidhani ananifanyia kiburi. Hakuwa na kiburi. Mimi nilikuwa nasema moja, yeye anasikia jengine, na anasikia kwa moyo safi. Ningeweza kulisema mpaka magharibi. Masikioni mwake halikuwa na pa kuingilia.

"Nionyeshe karatasi," nikasema.

"Unajua kusoma?"

"Najua."

Akanionyesha. Z kubwa, mkia wake umepita chini ya jina zima. "Hapa pana zeti," nikasema. "Wangu anaandikwa kwa d na h. Tafuta nyengine, iko humu, nimeiona inaingia."

"Makarani wanaandika wapendavyo. Jana nimewachoma Hadija watatu, kila mmoja na herufi zake. Ningengoja herufi zikubaliane, wangekufa wote." Akavuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Huna kadi yoyote ya mtoto? Tumalize."

Na Bi Kurwa, kwa kutaka kunisaidia, akafungua fundo la kanga yake. "Kadi ipo," akasema. "Ya mgao. Mimi hutembea nayo."

Nesi akaisoma. Akaiweka juu ya meza, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja. Zakia Hasan.

"Sasa mama," akasema, "unataka nini?"

Ndani ya mikono yangu mtoto akaanza kutetemeka upya. Kidogo, visigino tu, kisha magoti. Nikaikumbuka sauti ya daktari: asirudi nyumbani. Nikitoka naye, degedege. Nikikaa naye, tui lile.

"Mwite daktari."

"Daktari yuko anapasua mtu. Nje nina watu arobaini, na yule wa mwisho ni mtoto kama wako." Akamgeukia mkwe wangu, sauti ikashuka. "Bibi, wewe mtu mzima, na wa nyumbani. Hebu nambie wewe. Mtoto huyu mnamwitaje?"

Bi Kurwa alikuwa ameikodolea macho sindano. Uroa hakuwepo, lakini habari ile aliisikia mara nyingi, ya midomo na kope na mluzi, na nikaona kwenye uso wake kwamba sasa ndipo ameelewa tumo ndani ya nini. Akanitazama. Akafungua mdomo. Akatoa ulimi, akauweka baina ya meno yake machache, akaubana, shingo imemkaza.

"Zzakia," akasema.

Akafumba macho. Akajaribu tena, mkono kashika kidevu chake, kama anayemshika mbuzi wa mtu.

"Zakia. Siyo hivyo, mwanangu. Siyo ninavyosema mimi. Jina lake lile jengine, analosema mama yake. Mimi ulimi wangu ndio hauna."

"Haya, bibi," akasema nesi kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Tumesikia. Zakia."

Akasogea. Nikakifunika kiuno cha mtoto kwa kiganja changu, vidole vyote vimetanuka.

"Utanichoma mimi kwanza."

"Mama, toa mkono."

"Sitoi."

Tukabaki hivyo, uso kwa uso. Nilisikia mtu nje analalamika, foleni haiendi. Nesi akaishusha sindano, akainama, akamsogelea mtoto mpaka kofia yake ikamgusa.

"Eti mwanangu," akasema. "Wewe si ndiye Zakia?"

Mtoto akafumbua macho. Alinitafuta uso. Nilijua anatafuta nini, kwa maana nilimfundisha mwenyewe: mtu mzima akitaja jina hili, jibu ni moja, na baada ya jibu kuna kitu kitamu. Nikaiona midomo yake iliyopasuka inajikusanya.

"Usiitike," akasema Bi Kurwa. Alilisema chini chini, kapiga magoti sakafuni, mkono wake juu ya mguu wa mtoto. "Leo usiniitikie, mama. Mwambie ukweli wako."

Midomo ikafunguka. Dhakia akamtazama bibi yake, akamtazama nesi na ile sindano, kisha macho yake yakapita yakatoka nje ya mlango mpaka kwenye benchi. Polepole akauchomoa mkono wake chini ya wangu, akanyoosha kidole.

"Zakia ni yule pale, mama yake kenda kumnunulia mkate."